Shokapu za Gari la Mkunga

Kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi, Fundi Kiganja alinawa mikono mara mbili. Mara ya kwanza kwa mafuta ya taa, kama mafundi wote wanavyofanya wakitaka kutoa grisi, na mara ya pili kwa sabuni ya kuogea, ile ya waridi ambayo dada yake alikuwa akiificha na yeye akiifichua. Kisha alivaa ovaroli safi, akajitia kuchokonoachokonoa injini isiyo na ubaya wowote, na masikio yake yote yakawa barabarani.

"Wifi yangu anakuja leo," dada yake alisema kutoka dirisha la stoo ya vipuri. "Naisikia sabuni yangu mpaka huku."

"Dada, acha maneno yako. Yule ni mteja."

"Mteja! Wateja wengine unawapa mkono una grisi mpaka kwenye kiwiko."

Fundi aliinamia injini yake. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mkewe alikuwa amefariki miaka minane iliyopita, na dada yake mkubwa, aliyekuja kumsaidia kwa wiki mbili za msiba, hakuondoka tena. Alishika stoo, akashika jiko, akamshika na yeye. Hakuna bolti iliyotoka katika gereji ile bila yeye kujua, na hakuna siri iliyoingia.

Jina la Kiganja alipewa na mafundi wenzake, na lilimstahili. Gari likija na ugonjwa wa kuyumba au kudunda ambao hakuna aliyeujua, gereji za jirani zililituma kwake. Alisimama kwenye kona ya gari, akaweka viganja viwili juu ya bodi, akabonyeza kwa uzito wake wote mara tatu, akaachia, akahesabu. Gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja, likashuka, likatulia. Lenye shokapu iliyochoka hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, likitafuta pa kutulia na kupakosa. Kisha alipitisha kiganja juu ya tairi, maana gurudumu linalorukaruka huliwa vipande vipande, hapa bonde, hapa kilima, na mkono huyajua hayo kabla ya jicho. Mwisho alipiga magoti na tochi kuitazama shokapu yenyewe. Akiikuta imelowa mafuta na vumbi limegandia juu yake, alinyanyuka akajifuta magoti. Kesi imekwisha.

Basi mtu mwenye mikono kama hiyo alikuwa na gari moja ambalo shokapu zake zote nne zilikuwa zimekufa. Yeye alijua, na alikuwa hajamwambia mwenyewe. Nalisema hili mapema, asije mtu akaanza kumwonea huruma kabla hajajua anamwonea huruma nani.

Gari lenyewe lilikuwa la mkunga. Lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, lenye mgongo mrefu wa kubebea vitu. Mkunga alifanya kazi katika zahanati iliyokuwa mbali, lami inapokwisha na kuendelea, na kila baada ya wiki tatu alikuja mjini kuchukua dawa bohari. Alikuwa mjane kama fundi, watoto wake wameshatoka nyumbani, na aliwatembelea wazazi majumbani kwao, wajawazito na waliojifungua, kwa njia ambazo hata punda angezifikiria mara mbili. Mara ya kwanza alipoingia gereji alisema gari linamyumbia kidogo kwenye kona. Fundi akabonyeza, akahesabu. Tatu zilikuwa nzima. Ya mbele kulia ilikuwa imeanza kuchoka.

"Bado inakwenda, sista," alimwambia, na siku hiyo alisema kweli. "Rudi baada ya wiki tatu niiangalie tena."

Wakati akikaza hiki na kile, mkunga alikaa kwenye kiti cha nyuma cha gari lililokwisha katwakatwa, kiti ambacho gereji ilikifanya benchi, akamsimulia habari za baba mmoja aliyezimia mapacha wake walipozaliwa, hata akawa na wagonjwa wanne badala ya watatu. "Wa nne ndiye aliyenisumbua," alisema. "Watoto walilia dakika mbili. Yeye alilia mpaka asubuhi." Fundi alicheka. Alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi, na dada yake akatoka stoo mbio kutazama ni nani anayecheka, kwa sababu sauti ile alikuwa ameisahau.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mkunga aliporudi baada ya wiki tatu, fundi akasema rudi tena. Aliporudi tena, shokapu ya mbele kulia ilikuwa imekufa kabisa, na hapo ndipo mdomo wa fundi ulipokwenda mrama. Alikusudia kusema shokapu. Akasema bushi. Akabadilisha bushi, vile vipira vya kwenye vyuma vya chini, kelele ikapungua, mkunga akashukuru, akasimulia, akaondoka. Safari iliyofuata ilikuwa balansi ya magurudumu. Iliyofuata, ilikuwa kukaza bolti za chini. Kila mara gari lilitulia kidogo, likachakaa zaidi, na kila mara alisema yale yale: njoo baada ya wiki tatu.

Msinielewe vibaya, hakuwa tapeli. Aliagiza shokapu mpya nne na zikaja. Aliziweka kwenye shelfu, akaandika namba ya gari juu ya maboksi kwa kalamu nene, na kila Jumamosi ile aliamka akiapa kwamba leo ndiyo leo. Lakini shokapu mpya hukaa miaka. Akishazifunga, mwanamke yule angekuja kufanya nini tena? Matairi yangemshika, usukani ungemtii, na angepita mbele ya geti akipiga honi ya salamu kama wapitavyo wote ambao magari yao ni mazima. Fundi alijaribu kuipiga picha Jumamosi ya namna hiyo. Hakuweza kuimaliza.

"Si umwambie tu," dada yake alimwambia siku moja, kwa upole usio wa kawaida yake. "Mwambie, sista, karibu hata siku ambayo gari halina neno. Maneno hayo yana uzito gani?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini? Domo zege wewe. Mabolti yaliyoshika kutu unayafungua kwa dakika mbili, mdomo wako mwenyewe unakushinda. Na zile shokapu zake?"

"Wiki tatu zijazo."

Dada akafunga dirisha la stoo, jambo ambalo hakulifanya mchana hata siku moja.

Mkunga hakungoja wiki tatu. Alikuja Jumanne saa nne asubuhi, siku kumi baada ya kuondoka, na hakuja akiendesha. Gari la rangi ya maziwa liliingia getini likivutwa na trekta. Bampa ya mbele ilikuwa imepinda, taa moja ilining'inia kwa waya wake, na mkunga mwenyewe alikuwa amekaa kando ya dereva wa trekta, kifundo cha mkono wake wa kushoto kimefungwa bendeji. Fundi alikuwa chini ya lori. Alitoka kwa haraka hata akajigonga paji la uso, na hakusikia maumivu yake mpaka jioni.

"Sijambo," mkunga alisema kabla hajaulizwa. "Wote hatujambo."

Alikaa kwenye kiti chake kile kile. Dereva wa trekta alifungua mnyororo wake akaenda zake. Mkunga akaeleza, na safari hii hakutia chumvi wala mzaha. Jana alikuwa akimrudisha nyumbani mzazi mmoja na mtoto wa siku mbili. Njia ilikuwa kavu, mwendo haukuwa mkubwa. Ndama akakatisha. Akashika breki, na gari, badala ya kusimama, likainama kwa pua, likadunda, likadunda tena, likaenda lilikotaka lenyewe. Likaishia mtaroni. Mama alimkumbatia mwanawe, na mtoto hata hakuamka.

"Miaka kumi na tisa naendesha njia zile," alisema. "Jana usukani niliushika kama mgeni. Nilibonyeza breki nikasema sasa linasimama, halikusimama. Si gari, fundi. Gari umelikagua juzi tu. Ni mimi. Nimezeeka, mikono haina nguvu tena."

Alifungua mkoba kwa mkono mzima akatoa bahasha.

"Nimeandika barua kwa wakubwa. Nitabaki zahanati, nipime shinikizo la damu na kuandika kadi. Kule ndani vijijini watatafuta mtu mwingine, au wasitafute. Lakini mtoto wa watu sitampakia tena. Nilikuwa nataka uniangalizie mtu wa kulinunua."

Kisha akageuza uso. Alikuwa mwanamke aliyecheka hata na vifo alivyovikwepa, na sasa alikuwa akitazama ukuta wenye kalenda ya mwaka uliopita.

Fundi alisimama mbele yake. Aliona wazi kabisa njia ya kujiokoa yeye mwenyewe. Ilikuwa nyoofu na fupi. Aseme pole, sista. Aseme umri ni umri. Alichukue gari, mkunga aendelee kumwita fundi wangu, na pengine, kwa kuwa sasa hana gari, aje kwa basi kuulizia kama mnunuzi amepatikana. Angekuja. Angekaa hapo hapo. Hakuna mtu duniani ambaye angejua, isipokuwa mmoja aliye nyuma ya dirisha la stoo, na huyo ni damu yake.

Na kule lami inapokwisha mama fulani angengoja mlangoni na tumbo lake, na gari lisije.

"Si wewe," fundi alisema.

"Usinipake mafuta, fundi. Nilikuwa peke yangu kwenye usukani."

"Si wewe, sista. Njoo hapa. Njoo, nakuomba."

Alimwongoza mpaka kona ya mbele kulia ya gari, akamwonyesha mahali pa kuweka mkono mzima. Yeye akaweka viganja vyake kando ya mkono ule. Wakabonyeza pamoja, mara tatu, akamwambia achia. Gari lilipanda. Likashuka. Likapanda.

"Hesabu," alisema.

"Moja," mkunga alisema. "Mbili. Tatu. Nne... Bado linakwenda."

"Lilitakiwa lifike moja. Ndani ya gurudumu hili kuna shokapu. Kazi yake ni kulituliza gari likishadunda, tairi libaki chini. Hii imekufa. Ukishika breki, tairi linaruka, na tairi lililo hewani halisimamishi kitu. Hata angekuwa dereva wa mashindano, angeingia mtaroni vile vile."

Mkunga aliutazama mkono wake kana kwamba amerudishiwa. Uso wake ulianza kufunguka, na fundi alitamani kwa moyo wake wote aishie hapo. Angeweza kuishia hapo. Lakini aliiona shukrani ile usoni mwake, akajua kuwa akiipokea ni ya wizi.

"Hii ilikuwa imeanza kuchoka siku ya kwanza ulipokuja," aliendelea. "Siku ile sikukosea. Ilikufa mara ya tatu, siku umejifunga kitambaa cha kijani, ukasahau miwani yako kwenye kiti, ukarudi kuifuata. Nilijua. Nikakwambia bushi."

Fundi alizunguka mpaka kona ya mbele kushoto, akabonyeza peke yake, na gari likadunda mbele yao wote wawili.

"Hii niliijua siku ya mvua kubwa, tulipokaa ndani ya stoo mpaka saa kumi na moja, ukatufundisha kumfunga mtoto mchanga kwa taulo la gereji. Nikakwambia balansi."

Akaenda nyuma.

"Hii, siku uliyokuja na habari kwamba binti yako amepata kazi. Ulikuwa na furaha sana. Nilikaza bolti ambazo hazikulegea." Akahamia kona ya mwisho, na hapo hakubonyeza. "Na hii, siku kumi zilizopita. Sikuigusa hata. Nilisikia ukiingia getini, nikajua zimekwisha zote nne. Nikakwambia gari liko sawa."

Ndani ya stoo, dada aliizima redio.

"Ulijua," mkunga alisema polepole, "halafu ukaniacha niende."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Miezi kumi na minne alikuwa akilifanyia mazoezi jibu la swali ambalo hajaulizwa, akilipanga usiku, akililainisha, akilitia maneno mazuri. Sasa yote yalimruka.

"Zingefungwa mpya, usingekuja tena," alisema. "Nilitaka uje."

Mkunga alimwelewa. Hilo lilionekana, kwa sababu damu ilimpanda usoni kisha ikashuka. Alitembea mpaka dirisha la stoo, na dada, bila kuulizwa, akayatoa maboksi manne akayapanga kaunta. Mkunga alipitisha kidole juu ya boksi la kwanza. Kidole kikaacha mstari kwenye vumbi, chini yake namba ya gari lake.

"Na wewe ulijua?" alimuuliza dada.

"Nilijua, mwanangu wee," dada alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja. "Nilimsema. Sikumsema vya kutosha. Na mimi nilikuwa nakungoja hizo Jumamosi."

Mkunga alikitazama kidole chake chenye vumbi. Kisha akamgeukia fundi.

"Zifunge."

Alizifunga. Mkunga hakukaa kwenye kiti. Alisimama mita moja kutoka jeki, kwa muda wa saa nne, akimwangalia kila bolti. Fundi alitoa shokapu za zamani akazilaza moja moja miguuni pake ili azione: zimelowa, vumbi limekuwa tope juu yake, na ukisukuma fimbo ya katikati kwa kidole kimoja inaingia bila ubishi, ikabaki humo humo. Alinyoosha bampa, akairudisha taa. Dada alileta chai, ikapoa, akaiondoa.

Gari liliposhuka kutoka kwenye jeki, mkunga alilizunguka mwenyewe. Kona ya kwanza, akabonyeza kwa mkono wake mmoja na uzito wa mwili, akaachia, midomo yake ikihesabu. Kona ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kila mara gari lilipanda mara moja, likashuka, likatulia. Aliliwasha, akalizungusha uwanjani, akashika breki ghafla kwa makusudi mpaka vumbi likatimka. Likasimama pale pale alipotaka. Aliposhuka alikuwa analia, machozi ya hasira na ya nafuu kwa pamoja, na hakuyafuta. Alitoa ile bahasha mkobani, akaichana vipande viwili, akavitia kwenye pipa la vitambaa vichafu.

"Mikono yangu ni mizima," alisema.

"Mizima kabisa, sista."

"Kwenye kiti changu cha nyuma kulikuwa na mtoto wa siku mbili."

"Najua."

"Hujui. Hata jina alikuwa hajapewa." Alifungua mlango wa gari, akasimama nao katikati yake na fundi. "Unajua kinachoniuma zaidi ni nini? Ile barabara ya kwenda kuchukua dawa haipiti hapa. Kutoka bohari mpaka hapa kwako nazunguka mji mzima. Kuna gereji tatu njiani. Wewe ulidhani naletwa na gari."

Fundi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza ukawa tayari. Maneno yote aliyoshindwa kuyasema kwa miezi kumi na minne yalikuwa hapo mbele ya ulimi, mepesi, hayana uzito wowote.

"Sista," alisema, "karibu hata..."

"Usiseme sasa," mkunga alisema, taratibu, kama anavyomwambia mzazi asisukume kabla ya wakati. "Ungesema wakati ule, fundi wangu. Ningekuja hata kwa miguu."

Aliingia, akafunga mlango, akafunga mkanda. Gari la rangi ya maziwa lilitoka getini bila kuyumba, likashika barabara ya kwenda kule lami inapokwisha. Dada alitoka stoo akasimama kando ya mdogo wake. Hakumtania. Alimfuta damu iliyokauka kwenye paji la uso kwa ncha ya khanga yake, naye akamwacha afute.

Kwa njia zile mbovu, shokapu alizozifunga zingekaa miaka minne, labda mitano. Alijua hivyo kwa uhakika, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kufunga kitu vizuri kama alivyozifunga zile.